Siku Ncha za Mkanda Zilipokutana

Siku ya kuniaga mlinipa saa ya ukutani. Nimeitundika sebuleni, inakwenda vizuri, na kila nikiitazama najiuliza nani aliyeona kwamba mtu akistaafu kitu anachopungukiwa ni kujua saa. Keki ilikuwa nzuri. Hotuba zilikuwa ndefu. Baadaye, tulipokuwa tunafuta meza, wadogo zangu wawili wa kliniki ya ngozi mliniambia, "Sista Melania, hayo mambo yako usiondoke nayo, yaandike." Nikasema nitaandika nikipata nafasi. Sasa nafasi ninayo mpaka inanichosha.

Sitaandika habari za vyeo wala semina. Nitaandika habari za fangasi, ugonjwa usio na heshima. Mgonjwa wa moyo akiingia, watu wanampisha kwenye benchi. Mgonjwa wa fangasi anajikuna nyuma ya mlango, na akifika mbele ya daktari anaanza kwa kusema, "Ni kitu kidogo tu." Na sisi tunamwamini, tunamwandikia tyubu ya krimu, tunamwita anayefuata. Fangasi ya ngozi haiui, hilo ni kweli na nitalirudia. Lakini nimewahi kumwona mwanamke akimgawa mtoto wake kwa sababu ya fangasi, na huyo ndiye ninayetaka mumjue. Nitafika kwake. Kwanza niwaeleze nilivyofika Matombo.

Mimi ni mtu wa Gairo. Kwetu ukianika shuka, ya kwanza inakauka kabla hujamaliza kuanika ya pili, na vumbi unapewa bure. Nilipopangiwa uuguzi kwenye zahanati upande wa Matombo nilipanda milima ya Uluguru kwa mara ya kwanza, wakati wa masika, nyuma ya lori lililokuwa linafuata ndizi, na kwa siku nyingi sikuliona jua. Viatu vyangu vya ngozi vilivyokuwa chini ya kitanda viliota ukungu. Mkanda wa saa yangu nao ukaota. Gauni jeupe la kazi nililivaa likiwa bichi na nikalivua likiwa bichi. Nilipolalamika kwa mkuu wangu, alicheka mpaka akavua miwani.

"Umeshaelewa nusu ya kazi," alisema. "Hicho kinachoota kwenye kiatu chako kina ndugu zake, na ndugu zake wanaota kwenye watu."

Huyo alikuwa Mzee Lwambano, afisa tabibu, Mbena wa Njombe, mrefu na mkimya, mwenye tabia ya kufuta miwani kila mgonjwa anapoanza kujieleza. Watu wote walimwita daktari, kama wanavyomwita yeyote mwenye koti jeupe, na yeye hakujisumbua kuwasahihisha. Siku yangu ya kwanza aliletwa mtoto mwenye mabaka kichwani. Nikasema haraka haraka, kwa sauti ya mtu aliyetoka chuoni juzi, "Mapunye."

"Sijakuuliza jina. Niambie unaona nini."

"Naona mapunye, daktari."

Akanipa kioo chake cha kukuzia, akanirudisha kichwani kwa mtoto. Nikaangalia. Nikasema nywele zimekatika. Zimekatikia wapi? Karibu na ngozi. Na hiyo ngozi ikoje? Ina magamba. Ya rangi gani? Tuliendelea hivyo mpaka mama wa mtoto akasema kwa hasira kwamba mwanawe si gazeti. Mzee Lwambano alimwomba radhi, akampa dawa, akaniambia mimi kwamba nikishataja jina la ugonjwa macho yangu yanaacha kazi, kwa hiyo jina nilicheleweshe kidogo. Nimejaribu kulichelewesha tangu siku hiyo. Sikuweza kila mara.

Vifaa vyetu vilienea kwenye boksi la biskuti. Kioo cha kukuzia, kisu butu, vioo vidogo vya kuwekea sampuli, kichupa cha dawa kali ya magadi, na mafuta ya taa ya kuwashia kibatari cha kupashia kioo. Hadubini ilikaa peke yake dirishani, ya zamani, ile ya kutumia kioo cha kuelekeza mwanga, maana umeme ulikuwa hadithi. Ukungu ukishuka mlimani, hatukuona kitu. Mgonjwa na sampuli yake walikaa kusubiri wingu lipite, na mimi nikakaa nao, na hapo ndipo nilijifunza Kiluguru cha kusalimia na cha kutukana.

Kukwangua nako kuna adabu yake, na ninyi wadogo zangu mnaharakisha. Msikwangue katikati ya baka. Fangasi inakula kuelekea nje, kama moto wa nyasi: katikati pameshaungua, pembeni ndiko kunakowaka. Kwangueni pembeni, kwa mkono mwepesi, mpaka magamba yaanguke yenyewe kwenye kioo. Msemesheni mgonjwa wakati mnakwangua, maana anaogopa kisu hata kama hakikati chochote.

Na la pili alilonifundisha yule mzee: ugonjwa ukirudi, usimlaumu mgonjwa wala dawa kabla hujauliza ngozi ile inagusana na nini. Tulikuwa na katekista mmoja ambaye miguu yake ilipona na kurudi, ikapona na kurudi, tukambadilishia dawa zote tulizokuwa nazo. Mwishowe Mzee Lwambano akamuuliza habari za buti. Kumbe buti za mpira zilikuwa za ukoo. Asubuhi alizivaa kaka yake kumwagilia kabichi bondeni, mchana alizivaa yeye, jioni shemeji. Tulikuwa tunatibu miguu miwili wakati ugonjwa una miguu sita. Tuliwaita wote watatu, na buti nazo tukaziandikia dozi ya jua.

Mzee Lwambano alistaafu, akarudi Njombe, akaniachia kile kioo cha kukuzia. Ninacho hadi leo, na msikiulizie. Zahanati ilipata umeme, ikapata afisa tabibu kijana aliyeitwa Elia, mcheshi, mwenye mikono mizuri kwa watoto. Ikapata pia balaa jipya: zile tyubu za mchanganyiko zinazouzwa kila duka mpaka penye sabuni na betri. Mnazijua. Ndani yake kuna dawa kidogo ya fangasi, na ndani yake kuna dawa ya kulaza walinzi wa ngozi. Muwasho unakoma siku hiyo hiyo, wekundu unafifia, mgonjwa anamsifu muuza duka. Huku chini ugonjwa unatembea bila kuulizwa. Nimezichukia tyubu zile kwa dhati, na mwenye duka jirani yetu aliacha kunisalimia kwa sababu yake. Sikukonda.

Basi Pili alikuja siku ya gulio. Alikuwa mkulima wa ndizi na mdalasini kutoka vitongoji vya juu, mwanamke wa umri wa kunyonyesha, msafi, kanga mbili zimefungwa barabara. Mumewe Rajabu alikuwa mkata miwa kwenye mashamba ya sukari huko chini, anarudi msimu ukiisha. Kadi yake ilionyesha ameshakuja kabla, akaonyesha baka dogo nyongani, akapewa krimu. Aliketi, akanisalimia vizuri.

"Shikamoo Sista."

"Marahaba. Karibu. Unasumbuliwa na nini?"

"Nilikuwa nauliza tu. Mkanda wa jeshi ukikutana ncha, mtu anakaa siku ngapi?"

"Anakaa wapi?"

"Anakaa duniani."

Aliuliza kama mtu anayeuliza bei ya samaki. Nikaweka kalamu chini.

Mkanda wa jeshi mnaujua, lakini niwakumbushe wale watakaosoma bila kuvaa koti jeupe. Ni malengelenge yanayofuata mshipa wa fahamu, upande mmoja wa mwili, nayo yanauma kama umeunguzwa. Na karibu kila mtu hapa nchini anaamini kwamba ukizunguka kiuno, ncha zake zikikutana, mwenye nao anakufa. Juu ya hapo watu wameongeza kwamba anayeupata ana ule ugonjwa. Pili alikwisha kupima, akapima tena, hana virusi. Wifi yake akasema mashine imekosea.

Nilivuta pazia, nikamwambia afungue kanga nione. Alionyesha nyonga. Nikamwambia afungue pande zote. Akasita, akanitazama usoni, akauliza, "Zote?" Nikaelewa kwamba haulizi habari za kanga.

Chini ya kanga alivaa shanga, nyuzi kadhaa zilizokaa kiunoni tangu alipoolewa. Kila alipokuja zahanati alizisukuma juu hadi chini ya matiti na kuzibana na gauni, maana shanga za kiunoni ni za mke na mumewe, si za daktari Elia. Alizishusha taratibu. Na pale zilipokaa ndipo ugonjwa ulipokaa, kuanzia kitovuni, ukienda kushoto na ukienda kulia, kingo zimeinuka na kuwa na magamba, katikati ngozi imekuwa nyeusi na nyembamba kwa ile krimu ya dukani. Mgongoni, juu ya uti, ilibaki ngozi safi ya upana wa vidole viwili.

Nikashika uzi. Ulikuwa wa pamba, na ulikuwa umelowa. Kwenye nchi ya ukungu, mwanamke anayepanda mlima na mkungu wa ndizi kichwani anatoka jasho, jasho linaingia kwenye uzi, uzi haukauki mwaka mzima. Fangasi haikuwa na haja ya kutafuta njia, ilikuwa imewekewa.

"Huu si mkanda wa jeshi," nilimwambia. "Unauma au unawasha?"

"Unawasha. Unawasha mpaka nalia."

"Mkanda wa jeshi unauma. Tena hauvuki uti wa mgongo wala kitovu, unakaa upande wake. Wako umechukua pande zote. Hii ni fangasi, Pili."

"Fangasi ni kitu kidogo," alisema. "Hiki si kidogo."

Nilikwangua, nikaweka chini ya hadubini, nikamwita aangalie mwenyewe. Nyuzi za fangasi zilikuwa zimejaa, nimeona chache zilizojaa vile. Aliangalia kwa jicho moja, kisha kwa jingine.

"Hivi vijiti ndivyo vinavyoniua?"

"Haviui. Vinakula magamba."

Hakuniamini, ila alikuwa na adabu. Aliniambia, akiwa anajifunga kanga, kwamba ameshampeleka mtoto wake kwa dada yake Mkuyuni. Mwanahawa, ndiyo kwanza ameanza kutembea. Amempeleka na nguo zake zote, na kikombe chake, na amemwambia dada, "Huyu ni wako sasa, asije akanizoea." Alimwachisha ziwa hivyo hivyo, kwa ghafla. Gauni lake lilikuwa na alama mbili za maziwa mbele. Nilijifanya natafuta kitu kwenye droo.

Sasa nieleze ugumu wa kesi yenyewe, maana dawa haikuwa ngumu. Vidonge tulikuwa navyo, vile vinavyotaka kuliwa na kitu chenye mafuta. Mimba hakuwa nayo, tulipima. Nguo za kuchemsha na kupiga pasi, sawa. Ugumu ulikuwa huu: mtu akiacha ghafla krimu ya dukani, walinzi wa ngozi wanaamka kwa hasira. Muwasho unarudi mara mbili, wekundu unatanda, baka linakua siku za mwanzo kabla vidonge havijashika. Kwa mwingine yeyote ungesema avumilie tu. Kwa Pili, iliyobaki ilikuwa ngozi ya vidole viwili. Matibabu sahihi ndiyo yangezikutanisha ncha.

Nilitoka nje ya pazia, nikamweleza Elia. Alifikiri, akasema, "Sista, mwambie hazitakutana. Mpe moyo. Mgonjwa bila moyo hata vidonge hamezi." Hakuwa mjinga. Ni jambo ambalo wengi wetu tungelisema, na wakati mwingine ndilo linalofaa. Lakini nilijua kwamba nikimwahidi hivyo na zikakutana, atatupa vidonge, atapanda kitandani na kugeukia ukuta. Nimewaona watu waliogeukia ukuta. Hawahitaji ugonjwa mkubwa.

Nikarudi, nikakaa karibu naye.

"Pili, nakwambia mapema. Ukianza dawa yangu na kuacha ile krimu, utawaka kuliko leo. Na zitakutana. Nataka zikikutana uwe kwangu, nyumbani kwangu, si huko juu peke yako."

Alisimama. "Basi ni wewe unayeniua."

"Kaa chini."

"Nimekuja kuuliza siku. Wewe unanipangia siku!"

Alilia kwa sauti, benchi zima la nje likasikia. Nilimwacha alie. Alipomaliza akafuta uso kwa upindo wa kanga, akauliza shanga zitakuwaje. Nikasema lazima zitoke. Akasema haiwezekani, aliyezifunga ni bibi yake aliyemlea, na kwao aliyezifunga ndiye anayezifungua. Mwingine akikata uzi ni kama amekata ndoa. Nilikuwa na mkasi mfukoni, niliuona unanichoma. Nikasema basi bibi aje.

Bibi alikuja kesho yake, kwa miguu, na fimbo, na kikapu cha ndizi mbichi. Bi Mwanaidi, mwembamba, tasbihi shingoni, jicho moja limefifia. Nikasema, "Shikamoo bibi." Akaitika marahaba, akanikagua, akamuuliza mjukuu wake kama mimi nimeolewa. Aliambiwa ndiyo. Akasema, "Haya, basi anaweza kuona shanga."

Alizifungua kwa vidole na meno, akikataa mkasi wangu kama ningempa nyoka. Ilichukua muda, na wakati wote alikuwa anazungumza na Pili kwa Kiluguru, chini chini, sikuelewa na sikutakiwa kuelewa. Alipomaliza alizikusanya kwenye kitambaa. Kisha aliuinamia ule mgongo, akaziona zile ncha mbili, akainuka pole pole na kunishika mkono akanitoa nje hadi penye kuni.

"Mdogo wangu Mwamvua zilimkutania hapo hapo mgongoni," alisema. "Alikufa. Nilikuwepo. Sasa wewe mtoto wa Gairo unaniambia nini?"

Pengine Mwamvua alikuwa na mkanda wa jeshi kweli, pengine na mengine. Mtu aliyekuwepo humshindi kwa maelezo. Nikamwonyesha chumba chao.

Walikaa kwangu. Mume wangu alihamia sebuleni bila kuambiwa mara mbili, na ninamshukuru. Kila asubuhi Pili alikula karanga za kwetu Gairo, akameza kidonge, kisha nikachora kingo za ugonjwa kwa kalamu ya wino wa bluu ili tujue umesogea wapi. Siku za mwanzo zilikuwa mbaya kama nilivyosema. Alijikuna mpaka akaomba tumfunge mikono. Nilimkanda kwa vitambaa vya maji baridi. Bi Mwanaidi alisimama nyuma yangu kila nilipochora, tasbihi inatembea.

Ndipo asubuhi moja nikafungua kalamu, nikainama, nikakosa mahali pa kuchora. Wekundu wa kushoto ulikuwa umeingia kwenye wekundu wa kulia.

Pili alikuwa amekaa kwenye kigoda, amenipa mgongo. Hakuweza kuona. Bi Mwanaidi aliona. Alinibana bega kwa vidole vyake vikavu, akatikisa kichwa. *Usimwambie.* Na nakiri kwamba nilivutwa. Siku chache tu baada ya hapo vidonge vingeshika, wekundu ungerudi nyuma, naye asingejua kamwe kwamba ziliwahi kukutana. Angepona akiwa bado anaiogopa ile ncha, na angewafundisha wanawe kuiogopa. Lakini si hilo lililonisukuma, hayo nimeyafikiri baadaye nikiwa nimetulia. Lililonisukuma ni kwamba nilishamwambia nataka zikutane akiwa kwangu. Sasa yuko kwangu.

Nikaenda kung'oa kioo kikubwa ukutani, nikamshikisha Bi Mwanaidi nyuma, nikampa Pili kioo changu cha mkoba mbele. Kioo kikacheza mikononi mwa bibi, ikabidi nimshikie.

"Zimekutana," nilisema. "Angalia."

Aliangalia kwa muda mrefu. Akashusha kioo mapajani.

"Sasa?"

"Sasa leo zamu yako kupika. Ndizi za bibi zinaiva."

Alinitazama kama nimerukwa na akili. Kisha akainuka, akachukua kisu, akaenda kukaa barazani kumenya. Bi Mwanaidi aliketi mbele yake hatua mbili, akamkodolea macho. Nilituma ujumbe kwa Elia kwamba sitafika kazini, akajibu kwamba atashika zamu yangu. Pili alimenya, akakatakata, akakuna nazi. Kila baada ya muda alisimama na kisu hewani, anasikiliza ndani ya mwili wake. Nami nilisimama na ufagio wangu, nasikiliza pia, ingawa nilisoma na nina cheti. Akaendelea kukuna. Chakula kikaiva. Kilizidi chumvi, tukala. Mchana ukapita. Alioga, akalala kidogo, akaamka. Bibi alikuwa bado ameketi pale pale.

Kulipokucha nilimkuta Pili uani anafagia. Alikuwa ameshajifunga kanga za safari.

"Sista, nauli ya bodaboda mpaka Mkuyuni utanikopesha?" aliuliza. "Naenda kumchukua mwanangu."

Mengine ni ya vitabuni. Wiki zilizofuata wekundu ulififia, magamba yakaisha, akabaki na weusi ambao uliondoka taratibu. Alimeza vidonge mpaka mwisho, hata baada ya muwasho kuisha, na hilo ndilo gumu kuliko yote. Rajabu aliporudi kutoka kwenye miwa nilimwita, akasema hana kitu, halafu akasema ana kitu kidogo tu pajani. Naye nikamtibu. Shanga tulizichemsha, na Bi Mwanaidi akazitunga upya kwenye mshipi wa kuvulia samaki, uzi usiokunywa maji, lakini hakumfunga mpaka ngozi ilipokuwa safi na mimi nimeapa mara tatu.

Lakini nawarudisha asubuhi ile ya bodaboda, maana ndiyo sababu ya kuandika yote haya. Pili alipoondoka, mimi na Bi Mwanaidi tulibaki barazani tukimenya ndizi zilizobaki. Hakuwa amelala. Alimenya moja, akaanza nyingine, akaiacha mikononi.

"Mwamvua hakufa siku ile zilipokutana," alisema.

Nikaendelea kumenya.

"Alikaa. Alikaa siku nyingi. Alikuwa anaita, anasema ana njaa." Aliizungusha ndizi. "Mama alisema, ya nini kuharibu chakula, ameshaondoka huyu. Tukawa hatumpelekei. Mimi ndiye niliyekuwa nalala karibu na mlango."

Nilikuwa na maneno mengi ya kazini, ya kumliwaza mtu. Badala yake nilichukua ile ndizi mikononi mwake, nikaimenya.

Pili alirudi jua likiwa limeshapanda, Mwanahawa mgongoni ndani ya mbeleko, kikombe cha mtoto kimefungwa kwenye upindo. Mtoto alikuwa amenuna, amemsahau mama kidogo. Kabla Pili hajaketi, kabla hajamfungua mtoto, Bi Mwanaidi alikwisha kuinuka na kupakua. Alijaza sahani, akaongeza, akaongeza tena mpaka mchuzi ukamwagika pembeni.

"Bibi, nimekula huko kwa dada," Pili alisema.

"Kula," bibi alisema.

Akasimama juu yake na fimbo yake, akamwangalia mpaka sahani ikawa tupu.